Ghuba Kifuani mwa Leonia

Jumanne, 30 Januari

Leo wamempima mke wangu Leonia kwa ajili ya mionzi. Walimlaza kwenye kitanda chembamba kigumu, mkono wa kushoto juu ya kichwa, wakampitisha kwenye pete kubwa ya kupigia picha. Kisha mtaalamu mgeni, aliyekuja kwa siku mbili na kesho anaondoka, akamchoma nukta tatu za wino chini ya ngozi: moja katikati ya kifua, moja kila ubavu. Kwa nukta hizo mashine itajua kila siku mahali pa kupiga. Ni ndogo kuliko punje ya ulezi, na kwenye ngozi yetu hazionekani vizuri, kwa hiyo juu ya kila moja wamechora msalaba kwa makapeni, kalamu nene ya wino.

Titi lilitolewa Oktoba. Majibu ya maabara yalisema kingo zote za nyama iliyokatwa ni safi, hazina ugonjwa, isipokuwa mmoja, ule wa kando ya mfupa wa katikati ya kifua. "Ugonjwa ukirudi, utarudi kupitia hapo," daktari alituambia. "Mionzi tunaipeleka upande wote wa kushoto, lakini hapo ndipo tunapopalenga hasa." Siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa.

Kabla ya kipimo, mwendesha mashine, Martini, mtu wa makamo mwenye sauti ya msomaji wa kanisani, alikuja na fomu.

"Mama ana alama zozote za zamani mwilini, Mzee Gasper? Kovu, chale, tatuu?"

Nilijibu mimi. "Hakuna. Kovu la upasuaji tu."

Leonia aliangalia ukuta.

Jumatano, 31 Januari

Nilisema uongo jana, na leo nimeamka nao.

Leonia ana chale tatu kifuani. Sijaliandika neno hilo mahali popote kwa miaka hamsini na mbili. Bibi yake alimchanja Mei ile ya sabini na mbili, siku tuliyokimbia Burundi. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na tisa, majirani wa kilima kimoja. Bibi hakukata kwa wembe kama wengine. Alidunga kwa mwiba, akasugua mkaa, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka damu ikakoma. "Maji yamjue," alisema. Tulivuka Ziwa Tanganyika. Bibi hakuvuka.

Mwaka wa kwanza upande huu, Leonia aliinama sokoni kuokota nyanya, na mtu mmoja akasema kwa sauti, "Nukta hizo ni za ng'ambo." Wiki hiyo malori yalikuwa yakikusanya watu wetu kuwapeleka makambini. Tukapanda milimani Kalinzi, tukalima kahawa ya watu, tukawa Waha, watu wa hapa Kigoma. Kiha na Kirundi ni ndugu, lugha haikutusaliti. Leonia hakuvaa tena blauzi ya shingo pana. Uraia tuliupata baadaye sana, na karatasi ninazo sandukuni. Lakini mtu akiuliza kama mke wangu ana alama, mdomo wangu hujibu kabla sijafikiri.

Jumatatu, 5 Februari

Siku ya kwanza. Humpanga kitandani kwa mistari ya mwanga mwekundu inayotoka ukutani na darini. Husogeza kitanda mpaka mistari ikae juu ya misalaba, kisha wote hutoka. Wote. Mlango mzito unajifunga wenyewe, taa juu yake inawaka, na yeye anabaki. Mimi nimeruhusiwa kukaa kwenye benchi la korido, ambapo naona runinga ndogo mezani kwa Martini. Picha ni ya kijivu. Leonia amelala, mkono juu, kama mtu anayeita mtumbwi uliokwisha kwenda mbali. Mashine inanguruma kidogo. Hakuna kingine kinachotokea, na hicho ndicho kilichonitisha.

Jumanne, 6 Februari

Siku ya pili. Mvua. Dakika kumi na moja tangu kulazwa hadi kuinuka.

Jumatano, 7 Februari

Siku ya tatu. Leo nimemfahamu Yasmini, mtaalamu wa fizikia, binti wa Ujiji. Ndiye anayepanga mionzi ipite wapi na iishie wapi. Nilimwomba nione mpango wa mke wangu.

"Shikamoo Babu. Hiyo siyo gazeti, ujue."

"Marahaba. Nimesoma magumu kuliko gazeti."

Alinionyesha kwenye kompyuta. Ilikuwa ramani ya kina. Miaka thelathini na moja nilichora vina vya ziwa hili: mstari wa mita kumi, wa ishirini, wa hamsini, kila mstari ukiunganisha mahali penye kina sawa. Mbele yangu ilikuwepo mistari ileile ndani ya kifua cha Leonia, kila mmoja ukiunganisha mahali panapopata dozi sawa. Mstari mwekundu wa asilimia tisini na tano ulizunguka eneo lote la upasuaji na kukumbatia ukingo wa mfupa. Karibu na moyo mistari ilibanana, kama pale ambapo mwamba unashuka ghafla na hatua tatu kutoka ufukweni huoni chini.

"Mbona hailingani?" nilimuuliza. "Hapa mia na saba, pale tisini na sita."

"Haiwezi kulingana, Babu. Mwili siyo tofali. Kuna pafu, kuna mfupa, kuna mahali nyama ni nyembamba. Kazi yangu siyo kuuliza kama hailingani. Kazi yangu ni kuuliza hailingani wapi. Ikizidi kidogo kwenye ngozi ya ubavu, tunavumilia. Ikipungua kando ya mfupa, silali."

"Na wastani?"

"Mzuri sana. Asilimia mia kasoro moja."

"Wastani wa kina cha ziwa hili ni mita mia tano na sabini," nilisema. "Watu wengi niliowaona wamezama, wamezama kwenye mita mbili."

Aliacha kutabasamu. Akanichapia nakala mbili, moja ikionyesha mistari ilivyokaa juu ya ngozi kwa ukubwa halisi.

Alhamisi, 8 Februari

Siku ya nne. Tukirudi, bajaji ilizimika mtaa wa Mwanga, na mvua ikatukuta barabarani. Tulifika tumelowa chapachapa. Mwenye nyumba wetu hapa Ujiji, Bi Mwanakombo, mjane mwenye ulimi wa pilipili, alitupokea barazani.

"Waha nyie! Mvua mnaiona inatoka Kongo, bado mnaisubiri mpaka ifike mpeane nayo mikono?"

Alimvua Leonia nguo. Misalaba ilikuwa imeyeyuka na kutiririka mpaka tumboni, rangi ya zambarau.

Ijumaa, 9 Februari

Siku ya tano. Martini alichora misalaba upya. Nilimsikia nyuma ya pazia: "Tulia, Mama. Hii hapa, nimeiona." Dakika kumi na nne badala ya kumi na moja. Mtu mzembe, nadhani. Anaimba huku anafanya kazi.

Jumatatu, 12 Februari

Siku ya sita. Tulipotoka, Leonia alinisemesha kwa Kirundi, lugha ambayo hatuisemi barabarani.

"Baba Diana, mle ndani kuna mtu."

Diana ni binti yetu, mwalimu Tabora. Nilidhani anataka kumpigia simu, sikuelewa mara moja.

"Hakuna mtu. Nakuona kwenye runinga, uko peke yako."

"Mlango ukifungwa ananiwekea kidole gumba. Hapa." Akagusa kifua juu ya gauni. "Anakandamiza mpaka kelele iishe. Kisha anaondoa."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kina ubaridi. Ni mkono wa mtu aliyetoka kuosha vyombo."

Nimeliandika hili chini ya neno uchovu. Daktari alituonya kwamba wengine huona mambo.

Jumanne, 13 Februari

Siku ya saba. Kidole tena.

Jumatano, 14 Februari

Siku ya nane, na Jumatano ya Majivu. Tulipitia misa ya asubuhi, tukaja hospitali na majivu usoni. Martini, ambaye naye alikuwa nayo, alicheka. "Mama leo umekuja na alama ya nne!"

Kwenye korido Leonia alininong'oneza, "Ya saba."

Nilimwambia anyamaze.

Alhamisi, 15 Februari

Siku ya tisa. Mvua haikukatika. Kidole.

Jumamosi, 17 Februari

Nilikwenda mwalo wa Katonga kununua samaki, migebuka. Ziwa limeingia safu ya chini ya nyumba. Nilisimama kwenye dirisha la nyumba moja iliyohamwa. Ndani, maji yalifika kiunoni mwa ukuta uliopakwa buluu, na kofia ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Nje mawimbi yalipiga. Ndani ya chumba maji hayakutikisika hata kidogo. Samaki wadogo walikuwa wakizunguka miguu ya kitanda, polepole, kama watu waliokwisha kuzoea nyumba.

Mstari wa pwani ya hapo niliutia wino mwenyewe mwaka wa themanini na tatu. Nilipiga hatua kuutafuta.

"Mzee, umepoteza nini?" muuza samaki akaniuliza.

"Mstari."

"Umeshavuka huo, umekwenda Kongo kununua vitenge."

Walicheka wote, nami nikacheka. Lakini nilirudi na baridi mgongoni. Umbo la pwani ni lilelile, kila jino la mwamba lipo. Ila limesogea.

Jumatatu, 19 Februari

Siku ya kumi na moja. Ngozi imeanza kubadilika rangi, wekundu uliochanganyika na weusi. Yasmini alisema itatokea wiki ya tatu. Kwa hiyo yote yanakwenda vizuri.

Jumatano, 21 Februari

Siku ya kumi na tatu. Hayaendi vizuri.

Wekundu umepita ubavuni kuelekea mgongoni, kupita mahali ambapo nakala yangu inaonyesha mwisho. Na huku mbele haujafika kwenye mfupa. Umeishia kabla, upana wa kidole gumba. Kando ya mfupa ngozi ni laini na tulivu, ya rangi yake ya kila siku, kama maji ya chumba kile.

Alhamisi, 22 Februari

Siku ya kumi na nne. Nilimuuliza Martini.

"Ngozi za watu hazifanani, Mzee. Wengine haziungui kabisa. Wewe mwombee mama, sisi tupange."

Jioni nilichukua nailoni nyeupe ya kufungia, nikaitandika kifuani kwa Leonia, nikafuatisha ukingo wa wekundu kwa kalamu. Kisha nikailaza nailoni juu ya nakala ya ukubwa halisi. Mistari haikukutana. Niliisogeza kuelekea upande wa mfupa kwa upana wa kidole gumba, ikakutana yote, mwanzo mpaka mwisho, kila kona.

Pwani ileile. Imesogea.

Najua kosa hili. Nimelitenda mwenyewe nikiwa kijana kazini. Unaanza kupima kutoka kwenye nguzo isiyo yako, na kila kitu unachochora baada ya hapo ni sahihi kabisa, mahali pasipo pake.

Nilimfungua Leonia kifungo cha pili. Msalaba wa makapeni wa katikati ulikuwa juu ya chale ya bibi.

Ijumaa, 23 Februari

Niandike kwa utaratibu, kwa sababu hili litabaki.

Tulifika saa mbili asubuhi. Yasmini alikuwa kwenye kikao mpaka saa nne. Nilikuwa na nailoni mfukoni. Martini alikuja na tabasamu lake. "Karibu, Mama, twende kazi." Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Nilifungua mdomo. Niliona soko la mwaka ule, nyanya chini, na yule mtu akinyoosha kidole. Nikafunga mdomo. Leonia alinitazama, akangoja kidogo, kisha akaenda.

Mlango ukajifunga. Nilitazama runinga. Safari hii niliangalia kifua tu. Sikuona kidole. Niliona ngozi ikibonyea, mahali padogo, na kubaki imebonyea mpaka taa ikazimika. Picha ni ya kijivu na macho yangu ni ya miaka sabini na moja. Naandika nilichoona.

Kosa la siku ya kumi na tano ni langu peke yangu. La zile nyingine kumi tunagawana mimi na Martini.

Yasmini alipotoka kikaoni nilimfuata, nikatandaza nailoni juu ya nakala mezani kwake. Sikueleza kitu, nikaisogeza tu kwa upana wa kidole gumba. Aliinama, akafuata mstari kwa kidole.

"Babu, nani amekuchorea hii?"

"Ngozi yake."

Alikwenda kumtazama Leonia kwa tochi na kioo cha kukuzia. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini.

"Nukta ya wino hii hapa, ya buluu, haionekani kabisa," alisema. "Na hii nyeusi, Mama, ni nini? Imekaa milimita kumi na nane kushoto. Ni duara kabisa. Ni baka?"

"Ni chale," nilisema kutoka nyuma ya pazia. "Wanaita indasago, kwetu. Kwetu Burundi. Zipo tatu. Mliniuliza, nikasema hakuna."

Mara ya mwisho nilipotamka neno kwetu nikimaanisha kule, nilikuwa sijaota ndevu vizuri. Hakuna kilichotokea. Feni iliendelea kuzunguka. Yasmini akasema tu, "Sawa, Babu. Tangu lini msalaba uko hapa?" akaanza kuandika.

Tangu tarehe tisa, baada ya mvua. Siku kumi na moja.

Jumatatu, 26 Februari

Wamesimamisha mionzi mpaka mahesabu yafanywe upya. Kipo kifaa cha kupiga picha kabla ya kila mionzi ambacho kingegundua mapema, lakini kinasubiri kipuri tangu Desemba. Daktari mkuu alikuja kutuomba radhi, akatuonyesha karatasi aliyoandika kuhusu kosa hilo. Nami nilimwomba radhi. Tukainamiana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba.

Martini nilimkuta nje, ameketi kwenye ngazi. Nilitaka kuwa na hasira naye. Nimekuwa nayo wiki mbili.

"Niliona nukta mbili, Mzee," alisema. "Moja ya buluu, hafifu, nikadhani mshipa. Moja nyeusi, nzuri. Nilisita. Nikarudi kwenye fomu: mama hana alama. Basi nikajua nyeusi ndiyo yetu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuamini wewe kuliko macho yangu."

Zile dakika kumi na nne hazikuwa uzembe. Alikuwa anatafuta.

Jumatano, 28 Februari

Yasmini amejumlisha siku nne sahihi na kumi na moja zilizosogea, akachora ramani moja. Macho yake ni mekundu. Kote mistari imekaa inavyovumilika, isipokuwa kando ya mfupa. Hapo mstari mwekundu unarudi nyuma na kuacha ghuba: upana wa kidole gumba, urefu wa kidole. Ndani ya ghuba Leonia amepata vipimo kumi na tano vya mionzi pale alipotakiwa awe amepata thelathini. Nusu. Mahali penyewe ambapo ukingo haukuwa safi.

"Moyo?" nilimuuliza.

"Moyo umepona, Babu. Kosa lilisogea kwenda mbali nao. Ndiyo bahati yetu. Lakini sasa sikilizeni." Alimgeukia Leonia, si mimi, na hilo nililiona. "Nina mipango miwili. Kwa yote miwili unamalizia siku kumi zilizobaki mahali sahihi, kisha tunaongeza mwale mwembamba kwenye ghuba tu. Wa kwanza, siku saba za ziada. Ghuba inajaa, lakini mstari wa chini unagusa ukingo wa moyo. Miaka ijayo moyo unaweza kudai deni lake. Wa pili, siku tatu. Moyo haujui kitu, lakini ghuba inabaki na upungufu, kama asilimia themanini na tatu."

"Na hiyo themanini na tatu inatosha?" Leonia aliuliza.

"Sijui, Mama. Ningekuwa najua ningekuambia."

Nilianza kusema kitu kuhusu wastani. Leonia aliweka mkono juu ya goti langu.

"Baba Diana, juzi ulinisemea. Leo ninyamazie." Akamwambia Yasmini: "Jaza. Moyo ukidai, utanikuta nipo wa kudaiwa."

Daktari akasaini.

Alhamisi, 29 Februari

Siku ya kumi na sita. Chale zimefunikwa kwa plasta. Nukta ya buluu imechomwa upya, mara mbili, mpaka hata mimi naiona. Martini na Yasmini wote wawili walipanga, mmoja anasoma kipimo, mwingine anakirudia kwa sauti. Martini hakuimba.

Ijumaa, 1 Machi

Siku ya kumi na saba. Nilimuuliza Leonia kuhusu kidole. Akatikisa kichwa.

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na nane. Leonia alilia kwenye bajaji.

"Umechoka?"

"Sasa niko peke yangu mle ndani," alisema. "Mwanzoni niliogopa. Halafu nikamjua. Miaka yote hii sikuwa na picha yake, nimesahau uso, nimesahau sauti. Gumba lake sikulisahau. Nilikuwa nalala pale nasema, bibi, bonyeza." Akageukia dirisha. "Najua alikuwa anawapoteza, wasipige panapotakiwa. Alikuwa anawavuta waende kwake. Lakini alikuwa yeye."

Ningemjibu nini? Kwamba nilimwandika chini ya uchovu?

Jumapili, 10 Machi

Bi Mwanakombo alikuja na chupa ya mawese kumpaka Leonia mahali palipoungua ubavuni. Nilimwambia hospitali imekataza mafuta yoyote. Akanitazama kwa dharau.

"Shemeji, mawese yameponya watu kabla ya hospitali kuzaliwa."

"Yatabadilisha mionzi inavyoingia."

"Haya, Mrundi msomi, nimekusikia."

Nilisimama na kikombe mkononi.

"Umeniitaje?"

"Nimemuogesha mkeo wiki tatu baada ya upasuaji. Ulidhani naogesha macho yamefumbwa?" Alifunga chupa yake bila haraka. "Na hata kabla. Muha gani anakaa Ujiji miaka ishirini, hajawahi hata mara moja kwenda kwao kuzika? Kaa chini, unamwaga chai."

Jumatano, 13 Machi

Siku ya ishirini na tano, iliyokuwa iwe ya mwisho. Kesho mwale mwembamba unaanza.

Yasmini ameniambia jambo ambalo sasa nalibeba: ngozi kando ya mfupa imepata dozi yake sahihi tangu tarehe ishirini na tisa, kwa hiyo kati ya sasa na mwisho wa mwezi nayo inapaswa kuungua. "Siyo kipimo rasmi, Babu. Lakini ningependa kuiona." Leo hakuna kitu. Laini.

Alhamisi, 14 Machi

Ziada ya kwanza. Kando ya mfupa: hakuna.

Ijumaa, 15 Machi

Ya pili. Hakuna.

Jumatatu, 18 Machi

Ya tatu. Mvua imeng'oa paa la jikoni kwa jirani. Kando ya mfupa: hakuna. Nimeanza kuamka alfajiri kumwangalia akiwa amelala, kwa mwanga wa dirisha. Ubavu mzima una rangi ya udongo uliochomwa, na ghuba inabaki katikati yake, safi, yenye umbo kamili, maji yasiyotikisika.

Jumanne, 19 Machi

Ya nne. Hakuna. Nilimuuliza Yasmini kama inawezekana tumekosea tena. Alitoa karatasi za vipimo vya kila siku, tukazipitia mstari kwa mstari, yeye na mimi na Martini. Milimita moja hapa, mbili pale. Hakuna kosa.

"Basi kwa nini?" nilisema.

"Kwa sababu ngozi za watu hazifanani, Mzee," alisema Martini kwa upole, na safari hii sikumchukia.

Jumatano, 20 Machi

Ya tano. Hakuna.

Alhamisi, 21 Machi

Ya sita. Leonia amenikataza kufungua vifungo vyake bila ruhusa. "Mimi siyo dirisha," amesema.

Ijumaa, 22 Machi

Ya saba, ya mwisho. Wauguzi walimpigia makofi. Mlango ulipojifunga nilitazama runinga mpaka mwisho. Mwanamke mmoja, kitanda kimoja, hakuna kilichobonyea. Sikumuuliza kama alimwita bibi. Aliporudi korido alikuwa anatembea taratibu, kama mtu anayetoka kuaga.

Kando ya mfupa: hakuna.

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Mvua. Sikuandika nilichotaka kuandika.

Jumanne, 26 Machi

Asubuhi aliniita kutoka chumbani. Hakuniita kwa sauti ya hofu, aliniita kama mtu anayetaka shati lake. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, khanga imeshuka kiunoni, anakitazama kifua chake kwenye kioo cha mkononi.

"Njoo uangalie dirisha lako."

Kando ya mfupa, kidole gumba kwa upana, kidole kizima kwa urefu, ngozi ilikuwa nyekundu. Ukingo wake ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Mahali pawili ilikuwa imeanza kuchubuka na kutoa maji. Niliichukua sandukuni nakala ya Yasmini ya ukubwa halisi, akaikunjua yeye. Niliilaza kifuani kwake. Sikuhitaji kuisogeza.

Nimekuwa mume wa mwanamke huyu miaka arobaini na tisa, na sikujua kwamba siku moja nitamwona ameungua na nitafurahi.

"Unacheka nini?" aliniuliza.

"Sicheki."

"Unacheka, Gasper."

Nilinyoosha kidole, nikakigusisha pale, kidogo tu.

"Inauma?"

"Inauma sana," alisema, akaushika mkono wangu ili nisiuondoe.